Msikilizaji wa Mzee Redio

Walimwita Mzee Redio kwa sababu hakuwa na kitufe cha kuzimia. Alikuwa amestaafu ukaguzi wa tiketi kwenye treni, na hadithi zote alizoziokota mabehewani alizimwaga kwenye kibanda cha rafiki yake kinyozi. Nyumbani mkewe alishaziba masikio. Kinyozi alimsikiliza miaka yote kwa adabu tu, hadi ghafla, uzeeni, alipoanza kucheka.

Alicheka hasa ile ya abiria aliyekimbilia chooni kukwepa tiketi, akamkuta humo mkaguzi mwenyewe kajificha, kamkimbia bosi wake. Kinyozi alishika mbavu, machozi yakamtoka. Redio alirudi nyumbani kifua mbele, akamwambia mkewe kwamba kipaji chake sasa ndiyo kimeiva.

Asubuhi moja aliisimulia, kinyozi akavunjika mbavu kama kawaida. Akaingia mteja, na Redio, ulimi ukimuwasha, akairudia palepale. Kinyozi alicheka upya, kisha akauliza kwa hamu, "Ehe, huyo mkaguzi alikuwa anamkimbia nani?"

Tabasamu la Redio likafifia. Alimtazama vizuri rafiki yake. Miguu ilikuwa imevimba hadi viatu havifungiki, na kufagia nywele kidogo tu kulimwacha akihema. Alimnyoa mteja nusu ya kichwa, akaenda kunywa maji, aliporudi akamkaribisha upya na kumuuliza anataka mtindo gani.

Siku hiyo Redio alishinda kimya, mkewe akadhani anaumwa. Ukweli ni kwamba roho ilikuwa inamsuta. Hajawahi kupata msikilizaji kama yule, na akitibiwa, kicheko kitakwisha. Kesho yake alijikaza, akaenda kwa mke wa kinyozi.

"Shemeji, mumeo siku hizi anacheka sana."

"Kwani kucheka ni ugonjwa?"

"Anachekea hadithi zangu, shemeji."

Mama wa watu akaweka sufuria chini. "Basi twende hospitali."

Huko kinyozi alinung'unika kwamba kesi iko kichwani na daktari anahangaika na kifua. Daktari, mama mpole, alimweleza kwamba moyo wake umechoka na unapiga bila mpangilio, presha nayo imepanda, kwa hiyo damu haifiki kichwani inavyotakiwa. Alimpa dawa, akampunguzia chumvi, akamwagiza atembee kila siku. Yaliyosahaulika huenda mengine yasirudi, alisema, lakini mengi yanaweza kuokolewa. Na kwa kuwa Redio alikuwa akimjibia mgonjwa kila swali, akampima naye. Presha yake ilikuwa juu kuliko ya mgonjwa. Akafunga mdomo hadi nyumbani.

Miezi ikapita. Viatu vya kinyozi vikafungika, wateja wakaanza kutoka na vichwa vilivyokamilika. Redio akaanzisha ile ya chooni.

"Hiyo umeshanisimulia."

Akajaribu nyingine.

"Hiyo pia. Na mara ya mwisho huyo abiria alikuwa mwanamke."

Redio alitoka akasimama mlangoni. Kinyozi akamfuata.

"Mke wangu kaniambia ni wewe uliyeenda kusema."

"Ni mimi. Lakini nilisitasita kwanza. Nilijua hutacheka tena."

Kinyozi alifunga kibanda, akamshika mkono, akasema muda wa kutembea umefika.

Nyuma ya karakana ya seremala wakakutana na bata bukini mwenye kisirani. Walikimbia kadiri daktari angewaruhusu, na kidogo zaidi, Redio akaacha kiatu kimoja kwenye matope. Waliporudi, wateja walikuwa wakisubiri, naye akaanza kuwasimulia: bata alikuwa mkubwa kama mbwa.

"Kama kuku," alisema kinyozi, huku akiwasha mashine.

"Nikamwambia rafiki yangu, pita nyuma yangu."

"Nyuma yako wapi? Wewe ulikuwa umeshafika barabarani."

Mteja kwenye kiti alicheka hadi kinyozi akamwomba atulize kichwa. Redio akavuta stuli karibu, akaendelea.