Nilivyolishikia Baraza Nafasi

Usiku wa jana niliota niko kazini, jambo ninaloliona ni dhuluma, maana mshahara wangu haufiki mpaka kitandani.

Kazi yangu nikiwa macho ni kukaa kwenye njia ya waenda kwa miguu, pale mbele ya duka la dawa, nikitazama watu wanaitumiaje: nani anapita, nani anasimama, nani anakaa. Bosi wangu, Mhandisi Kisinda, ameweka pale viti vizuri vya chuma, na hadi leo havijakaliwa hata na kunguru. Watu wote wanabanana kwenye baraza kuukuu la saruji lililo kando. Kisinda akaja na wazo kwamba baraza likivunjwa watu watahamia vitini wapende wasipende. Asubuhi ningetakiwa kumwambia kama livunjwe, na nilishaamua kusema ndiyo. Kisinda ni mtu asiyesalimia. Simu yake huanza na "Sikiliza," na mtu wa namna hiyo mimi simbishii.

Basi katika ndoto nimekaa kwenye baraza. Inakuja koni ya barabarani, zile za rangi ya chungwa, imevaa miwani ya Kisinda.

"Sikiliza," inasema kwa sauti yake. "Kanuni ya mtazamaji ni ipi?"

"Asionekane, asiingilie."

"Mbona nakuona?"

"Nina mwili, mkuu."

"Nikirudi nisiukute."

Ikaondoka kwa kurukaruka, kwa kuwa haina miguu. Mimi nikaanza kulia.

"Unalia nini, Mwanakheri?" baraza likaniuliza. "Mimi nipo hapa miaka yote, nani amewahi kuniona? Wananikalia tu. Hebu nishikie nafasi mara moja nikale. Sijatia kitu tumboni tangu nijengwe."

Kwetu mtu akikuomba umshikie nafasi, unaishika. Huulizi anarudi lini. Baraza likasimama, likajikung'uta vumbi, likavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Nikajilaza pale lilipokuwa. Magoti yakakauka, kisha kiuno, kisha mdomo, nikawa saruji. Kanuni ilikuwa imetimia, na pua ilikuwa inaniwasha.

Wa kwanza kunikalia ni Bi Mwanamvua, muuza vitumbua, na Bi Mwanamvua hakai nusu. Anafuata muuza kahawa na birika lake, halafu vijana wawili wanaobishana kuhusu mpira. Napumua kwa zamu.

"Karibuni huku!" kiti cha chuma kinaita. "Mimi nina pa kuegemea!"

"Ahsante, baba," Bi Mwanamvua anajibu kwa upole. "Lakini wewe umetazama ukuta."

"Ndivyo nilivyofungwa. Ati anayepumzika asisumbuliwe na wapita njia."

"Sasa nikukalie, niwape watu mgongo? Mama yake Mwanakheri apite na ule mguu wake, nisimuulize unaendeleaje? Atasema nimeanza kuringa."

"Hata mimi naona haya," kiti kikasema, kikainama.

Nikaona aibu kuliko kiti. Miezi yote ile nimetazama watu wasivyokaa, sikuwahi kutazama viti vimeelekea wapi.

Mara ile njia ikawa sebule ya mama. Hakuna aliyeshangaa. Wapita njia wakavua viatu mlangoni, na baiskeli zikavua matairi. Kivuko cha pundamilia kikajitandika chini kama mkeka.

Koni imerudi, na safari hii ina nyundo.

"Sikiliza. Inukeni, navunja."

"Hodi hukupiga," anasema Bi Mwanamvua. "Na viatu?"

"Sina miguu."

"Basi vua miwani."

Ikavua.

"Na salamu?"

Koni inatazama kushoto, inatazama kulia. "Shikamooni," inasema kwa sauti ndogo.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo? Nyumbani hawajambo? Mkeo? Watoto? Homa zimepungua? Kazi je?"

"Hawajambo," inajibu koni. "Hawajambo. Zimepungua." Kila jibu linailainisha kidogo, mpaka ikakaa, juu ya tumbo langu, na kupewa kikombe cha kahawa. Nyundo ikapewa kashata.

"Na huo mguu wa mama yake Mwanakheri," koni inauliza, maana ikishaanza haijui pa kuishia, "unaendeleaje?"

"Unavimba jioni. Wanaukanda kwa mafuta ya nazi."

"Mafuta ya nazi ni mazuri," inasema koni. Inamaliza kahawa, inashukuru, inasimama. "Haya. Sasa navunja."

Nyundo ikapanda juu, bado inatafuna. Ng'ambo ya barabara nikaliona baraza lenyewe na sahani ya chipsi, halina haraka yoyote. Hapo niliogopa kweli. Nataka kusema, lakini mtazamaji haingilii, na mdomo ni saruji. Najikaza. Ufa unatokea shavuni.

"Baraza hili leo linatetemeka," anasema Bi Mwanamvua.

"GEUZENI VITI!" nikapiga kelele. Bi Mwanamvua akaruka, kahawa ikamwagika, nami nikaamka nimekaa kitandani, pua bado inaniwasha.

Simu ilikuwa inalia. Mhandisi Kisinda. Nikajiandaa kwa ile "Sikiliza" yake, na jibu langu likiwa limekwisha geuka.

"Mwanakheri, hujambo?" akasema.

Nikaitazama simu nihakikishe ni yeye.

"Sijambo, mkuu."

"Nyumbani hawajambo?"

"Hawajambo."

Kazini sijawahi kumwambia mtu yeyote habari za mama. Kisinda akakohoa kidogo, kama mtu anayejifunza njia.

"Na mguu wa mama? Bado mnaukanda kwa yale mafuta ya nazi? Halafu kuhusu vile viti... hebu nikumbushe, ulisema tuvigeuze upande gani?"