Saini za Jumatatu

"Hivi, shoga, huko chuoni kwenu mtu anafukuzwa kwa kusema nini?" Jirani yake muuza mkaa aliwahi kumuuliza hivyo mama mfagizi wa chuo, siku wanafunzi walipopigwa mabomu ya machozi hadi moshi ukawafikia uani. Naye akajibu huku akianika nguo, "Mimi nafagia tu. Ya wasomi siyajui."

Asubuhi hii alikuwa amepiga magoti ukumbini, anabandua karatasi ukutani kwa kisu butu na maji ya sabuni. MRUDISHENI MWALIMU WETU. Zilikuwa nyingi, zote maneno yale yale, na mikono yake ilienda yenyewe, kama inayomenya viazi. Moyoni hapakuwa na kitu. Msimamizi wa usafi akamsimamia kichwani.

"Acha hiyo. Unaitwa juu, kwenye kamati ya nidhamu, kesi ya Mwavuli."

Mwavuli ndilo jina wanafunzi walilompa mwalimu wa historia, kwa kutembea na mwavuli mweusi jua na mvua. Mwezi uliopita alifundisha jinsi viwanja vya chuo vilivyogawiwa wakubwa. Mwanafunzi akauliza wakubwa gani, naye akawataja. Wiki iliyofuata mlango wa ofisi yake ukatiwa kufuli jipya.

Kwenye ngazi msimamizi alisema kwa sauti ya chini, "Watakusomea maelezo, wewe tia saini basi. Mkataba wako unakwisha mwezi huu, na binti yako anasoma humu kwa nafasi ya watoto wa wafanyakazi. Usijitie kimbelembele, mama yangu."

"Maelezo ya nani?"

"Yako."

Ndani walikaa wajumbe watatu nyuma ya meza ndefu. Mwavuli alikuwa pembeni, mwavuli katikati ya magoti. Ni yeye peke yake aliyemwamkia.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu."

Mwenyekiti akainua karatasi ya usafi, ile inayobandikwa nyuma ya mlango wa kila ofisi. "Saini hii ni yako?"

"Yangu."

"Alhamisi kabla ya ofisi kufungwa, saa tisa alasiri. Saa hiyo huyu bwana alikuwa na wanafunzi kumi na mmoja ofisini mwake, wanapanga mgomo. Wewe ulikuwa unafagia. Uliwaona."

Akamsomea maelezo. Yalikuwa na maneno kama "njama" na "uchochezi," ambayo hajayatamka tangu azaliwe.

Mama akaitazama karatasi ya usafi. Saini tano, Jumatatu hadi Ijumaa, wino mmoja. Wafagizi wote hutia hivyo. Kalamu anayo msimamizi, na huileta Jumatatu tu. Ijumaa hupita kuangalia kama visanduku vimejaa saini, sakafu haangalii. Alhamisi ile yeye alikuwa zahanati, kwenye foleni ya dawa za presha, tangu alfajiri hadi saa kumi.

Akapokea kalamu. Angetia saini, hakuna wa kudanganywa hapo, wote walijua maneno si yake. Ncha ilikuwa imeshagusa karatasi.

"Kwanza inua mkono," mwenyekiti akasema, "uape kwa Mungu."

Mkono haukupanda. Tangu amzike mumewe amedanganya mengi, kwa mwenye nyumba, hata kwa msimamizi. Kwa Jina lile, bado.

"Alhamisi sikuwapo," akasema.

"Na saini?"

"Ya Jumatatu. Sote tunatia Jumatatu."

Msimamizi, aliyebaki mlangoni, akakohoa. "Amechanganyikiwa, mheshimiwa. Presha hiyo."

"Basi umeghushi hati ya chuo," mwenyekiti akasema. "Unajua utapoteza nini?"

"Najua."

Mwenyekiti akavuta faili kutafuta fomu, na chini yake ikabaki barua wazi. Mama aliishia darasa la saba, lakini kusoma anasoma. KUACHISHWA KAZI. Jina lilikuwa la Mwavuli. Tarehe ilikuwa ya kesho. Chini, saini tatu, wino umeshakauka.

Akamgeukia Mwavuli. Pale alipoketi barua ilionekana vizuri, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kuisoma.

"Kumbe na ninyi," mama akasema, "kalamu mnaletewa Jumatatu."

Akafungua aproni, akaikunja mara nne kama anavyoikunja kila jioni, akaiweka juu ya barua, na juu yake shada la funguo. Kisha akatoka, akashuka ngazi, akaipita ndoo yake ukumbini na karatasi moja iliyobaki ukutani.