Bati Chini ya Kitanda

Mtu asinidanganye kwamba mwanamke hawezi kulionea wivu tangi la maji. Mume wangu, Gentil, anasimamia mradi wa maji huko Minova, na hurudi Bukavu Jumamosi mbili kwa mwezi. Jumamosi moja niliwasha simu yake nitazame saa, nikakuta kwenye kioo picha ya tangi. Tangi la saruji, limepakwa chokaa, linang'aa kama bibi harusi.

"Na mimi?" nikamuuliza.

"Wewe mu foto zako zote uko na watu makumi ine," akajibu. "Sijue nitakukata wapi."

Kilichoniuma ni kwamba alisema kweli. Kwaya, arusi, matanga: kila picha nimevaa kitenge cha sare, nimebanwa katikati ya wenzangu. Miaka kumi na sita ya ndoa, hakuna hata picha moja ya Rosette peke yake. Nikaapa kwamba tangi lile litatoka kwenye simu ile.

Jumanne, watoto wakiwa shuleni, nikaingia chumbani, nikarudisha mlango. Nilikuwa nimetazama video za wanawake wanaojipiga picha kitandani, na wote walisema taa ya umeme haifai, tafuta mwanga wa dirisha. Hilo halikunisumbua, umeme ulikuwa umekatika tangu Jumapili. Nikavaa shati jeupe la Gentil, lile la arusi, nikafunga kifungo kimoja tu. Simu nikaiegemeza juu ya gunia la maharage, nikaitega ijipige baada ya sekunde kumi.

Sekunde kumi ni chache kwa mwanamke wa kilo themanini na tano. Picha ya kwanza ilitoa kisigino. Ya pili ilitoa makalio yakipanda kitanda. Ya tatu nilikuwa nimelala vizuri, shingo nimeinyoosha, ila nusu ya uso ilikuwa giza. Wale wa kwenye video hurudisha mwanga kwa ubao mweupe. Mimi nilikuwa na bati. Gentil alilinunua azibe paa la jikoni linalovuja, akalisukuma chini ya kitanda, na mwaka mzima nimemgombeza juu yake. Nikalivuta, nikaliegemeza kwenye kiti. Chumba kikawaka.

Nilisahau kwamba dirisha letu linatazamana na nyumba ya Maman Bulonza, kwenye mteremko wa ng'ambo ya kijito. Punde mlango ukasukumwa, naye huyo, kiongozi wa kwaya yetu, anahema, ndoo ya maji mkononi.

"Niliona moto mu dirisha," akasema.

"Iko bati, Maman."

Akanitazama mimi, shati, gunia. Nikangoja mahubiri. Badala ya kujitetea nikamweleza habari ya tangi, na karibu machozi yanitoke.

"Tangi?"

"Tangi, Maman."

Akaweka ndoo chini, akainua bati kwa mikono miwili. "Geuka kwa dirisha. Kidevu juu. Na usikaze uso, hatuko mu kwaya."

Nikaitega simu tena, na nikiwa bado nacheka ikapiga picha. Nikaitazama ile picha. Bega liko wazi, mwanga umelala shingoni, na mwanamke anacheka. Nilikuwa sijamwona siku nyingi. Nikamtumia Gentil kabla sijaogopa.

Alama zikaonyesha ameiona. Hakujibu. Siku nne hakujibu, nami nikajiona mjinga wa Bukavu nzima.

Jumamosi akafika, akaweka simu mezani. Nikaiwasha. Tangi. Tena sasa simu ilitaka namba za siri, simu ambayo haijawahi kufungwa tangu tuoane. Damu ikanipanda.

"Unaficha nini?"

"Weka siku ya ndoa yetu," akasema.

Nikaweka. Tangi likaondoka. Nikajikuta mle, na shati lake, nacheka.

"Kule ku kazi kila mutu anashika simu yangu," akasema, macho kwenye meza. "Ile tangi iko mulango tu. Wewe uko mu ndani."

Jioni akachukua nyundo na misumari, akainama kulitoa bati chini ya kitanda. Nikamwambia asiliguse. Mvua ikinyesha, jikoni nakingia ndoo aliyoiacha Maman Bulonza.