Feni la Darasa la Kwanza

Katika bonde zima la Ak-Zoo hakuna anayejua kulipasha darasa joto kama mimi, Upol. Uliza walimu wa miaka arobaini. Ni kweli kwamba bondeni kuna shule moja tu, na mwasha jiko ni mimi peke yangu, kwa hiyo hata ningekuwa wa mwisho bado ningekuwa wa kwanza. Lakini joto ni joto.

Kila Oktoba napika gundi ya unga, nakata magazeti vipande vyembamba, nabandika kila ufa wa dirisha. Nikimaliza, nzi aliyebaki ndani anajua hatoki mpaka Aprili. Halafu nalijaza jiko makaa. Februari hii, theluji ilipoporomoka na kuangusha nguzo za umeme, tulikaa siku tisa bila taa. Shule za kule chini zilifungwa. Yetu haikufungwa hata siku moja. Watoto kumi na tisa wa darasa la kwanza walivua makoti, na kitukuu changu Begimai akavua mpaka soksi, nikamfinya.

Shule ilijengwa enzi za mgodi, mimi nikiwa msichana. Chini ya sakafu walijaza kifusi cha mgodini, maana kilikuwa karibu na hakikuwa na mwenyewe. Mgodi wenyewe ulikuwa wa urani. Marehemu mume wangu, Jumash, alichimba humo miaka kumi na minane, kisha akakohoa miaka miwili, kisha hakukohoa tena.

Mwaka juzi akaja mhandisi kutoka mji wa Osh, Perizat, binti mwembamba mwenye buti kubwa kumshinda. Aliweka juu ya makabati vikopo vyeusi, mfano wa vile vya rangi ya viatu, akasema visiguswe miezi mitatu. Majibu yalipotoka akawakusanya wazazi. Akasema ardhini, kwenye kile kifusi, inatoka gesi inayoitwa radoni. Haina harufu, haina rangi. Mtoto akiivuta mwaka baada ya mwaka, saratani ya mapafu inaweza kumngoja ukubwani.

"Ikizidi mia tatu ni hatari," akasema. "Darasa la kwanza lina elfu moja na mia nne."

"Mia nne za nini?" nikauliza.

"Bekereli, bibi. Ndicho kipimo chake."

"Ahaa. Nilidhani viroboto."

Watu wakacheka. Mimi nikiwachekesha watu hata chakula sitaki.

Kiangazi kilichopita mafundi wake wakatoboa sakafu, wakapitisha bomba mpaka juu ya paa na kulifunga feni, ili ile gesi ifyonzwe kutoka chini na kutemwa nje. Stoo wakatundika ukutani kibomba cha kioo kilichopinda, ndani yake maji mekundu. Perizat alinishika mkono.

"Bibi Upol, feni likivuta, maji yanapanda upande mmoja na kushuka upande wa pili. Yakilingana, ujue feni halifanyi kazi. Kila asubuhi uangalie tofauti ni vidole vingapi, uandike daftarini. Nakuachia wewe hawa watoto."

"Mimi nimeishia darasa la nne, mwanangu."

"Vidole si unavijua?"

"Vyangu navijua."

Akawasha feni, akapima upya. Sabini! Mkuu wa shule, Toktosun, nusura acheze.

Nami niliandika kila siku, naapa, mpaka theluji ya kwanza. Hapo sakafu ikawa barafu. Lile feni halikuchagua, lilivuta gesi na kuvuta na joto langu, likilipitisha kwenye nyufa za mbao. Begimai akaniambia, "Bibi, miguu yangu imekufa." Hilo ningelivumilia, ningemfuma soksi nene. Lakini mwalimu wake, Burmakan, aliyesoma na binti yangu na ambaye ulimi wake haujawahi kupumzika, akaniambia mbele ya darasa zima:

"Upol, umezeeka. Siku hizi jiko lako linawapasha kunguru wa juu ya paa."

Siku ile nikazima feni. Mpaka mchana tu, nilijiambia. Kesho yake mpaka jioni. Siku ya tatu sikuwasha kabisa. Miguu ya watoto niliiona kwa macho yangu. Gesi sikuiona. Desemba Perizat akaleta vikopo vipya, akanikuta mlangoni. Nilikuwa nimeliwasha feni saa moja kabla hajafika, na alipoondoka nikalizima. Machi wakavichukua.

Aprili, Toktosun akanijia. "Bibi, kesho mhandisi analeta majibu. Daftari lako liwe tayari."

Daftari lilikuwa limeishia tarehe tisa Novemba. Watoto walipotoka nikakaa kando ya jiko na chai ya maziwa na kipande cha mkate, nikaandika miezi mitano. Vidole viwili. Viwili na nusu. Viwili. Nilibadilisha hapa na pale ili ionekane kweli, na Januari nikaidondoshea chai makusudi. Nilipomaliza niliona nimefanya kazi safi.

Kesho yake wazazi walibanana kwenye madawati ya watoto wao, magoti yakigusa masikio. Perizat hakugusa chai.

"Elfu moja na mia sita," akasema. "Imezidi hata ya mwanzo."

Akaenda akagusa magazeti yangu dirishani, kisha akageukia jiko.

"Hewa ya moto inapanda na kutoka kwenye dohani. Madirisha yamezibwa, basi chumba kinavuta hewa nyingine kutoka ardhini. Moto ukizidi, gesi inazidi. Lakini feni lingelishinda hilo. Bibi Upol, feni lilizimwa?"

Nilitazama jiko langu. Miaka arobaini nalilisha. Nikamkumbuka Jumash kitandani, mto nimeuegemeza ukutani ili apate pumzi.

"Hata siku moja," nikasema.

"Una hakika?"

"Mwanangu, nimeandika."

Perizat akakaa. Alionekana amechoka ghafla. "Kama lilikuwa linazunguka na majibu ni haya, basi halifai, na mimi sina kingine cha kuweka. Nitaandika darasa lifungwe. Hawa kumi na tisa waende shule ya bweni, ng'ambo ya mlima."

Begimai alikuwa amesimama kando yangu. Mama yake yuko Moscow anafagia hospitali. Mtoto hana mwingine ila mimi. Alikamata sketi yangu kwa mikono miwili.

Neno moja tu lingeliokoa darasa. Feni ni zima, ningesema, mwenye kosa ni mimi, liwasheni. Nikafungua mdomo. Nikaona macho ya wale wazazi, kila mmoja kwenye dawati ambalo mwanawe alilikalia akivuta hewa ile majira yote ya baridi, nami ndiye niliyemvutisha. Nikaufunga mdomo.

Toktosun akasimama kunitetea, maskini.

"Mhandisi, huyu bibi humjui. Februari tulikaa siku tisa bila umeme, bonde zima giza, na jiko lake halikuzimika! Mtu wa namna hiyo ataachaje kazi? Soma daftari uone."

Wazazi wakaitikia kwa vichwa. Mimi nikatikisa changu kidogo, kwa unyenyekevu.

Perizat akafungua daftari. Akafika Februari. Kidole chake kikashuka taratibu.

"Siku tisa zipi?" akauliza.

"Kumi na moja mpaka kumi na tisa," akasema Burmakan. "Nakumbuka, tarehe kumi na tano nilikata keki yangu kwa mshumaa."

Perizat akasoma kwa sauti. "Kumi na moja, vidole viwili. Kumi na mbili, viwili na nusu. Kumi na tatu, viwili." Akazisoma zote tisa, hakuruka hata moja. Alipomaliza aliinua uso, akanitazama mimi, si Toktosun.

"Bibi, siku hizo feni lilizungushwa na nini?"

"Upepo," nikasema. "Bonde letu lina upepo sana, mwanangu."

Nikasubiri wacheke. Nyuma yangu nikasikia karatasi ikichanika: Burmakan alikuwa anabandua magazeti dirishani.