Pinde za Makamanda Watano

Mume wangu Bugalama alikuwa mtu wa kugombana na redio. Mwezi wa tano mwaka tisini na nane, tukiwa tunavuna mpunga huku bondeni Momba, redio ikaleta habari kwamba Wahindi wamelipua mabomu ya nyuklia chini ya ardhi. Kabla mwezi haujaisha, Wapakistani nao wakalipua ya kwao. Wakubwa wa dunia wakakasirika, wakatangaza vikwazo. Bugalama akaweka bakuli la uji chini.

"Mama Shani, unasikia? Mkataba wa silaha hizo unaruhusu mataifa matano tu, kwa sababu yaliwahi kutengeneza. Yaliahidi yatapunguza. Mpaka leo yana mabomu maelfu, halafu yanamwadhibu mwenye matano."

"Nasikia, Baba Shani. Kunywa uji."

"Hiyo si haki."

"Si haki," nikamjibu, ila nilikuwa namtazama yeye, si redio.

Maana mume wangu huyo huyo ndiye aliyekuwa kamanda mkuu wa sungusungu, walinzi wetu wa kijiji. Mwaka uliotangulia wafugaji na wakulima walirushiana mishale kwenye lambo la kunyweshea ng'ombe, na baada ya hapo kijiji kizima kiliketi, kikakubaliana kwamba hakuna tena mtu kukaa na upinde nyumbani. Isipokuwa makamanda watano walioandikwa majina siku ile. Wao wangebaki na pinde zao kwa ajili ya ulinzi, na wangezipunguza polepole. Hilo neno polepole alilitia mume wangu mwenyewe, na katibu Sadock akaliandika kwa mwandiko mzuri kabisa. Siku ile Bugalama alikuwa na pinde tatu. Mwaka ukapita, zikawa nne.

Jirani yetu Kasiani hakuwepo kikaoni, alikuwa Saza anachimba dhahabu. Aliporudi akaibiwa maksai wake wawili wa kulimia, ndipo akajitengenezea upinde. Mmoja tu. Sungusungu wakaukuta darini, akakataa kuutoa, wakamtenga. Na kwetu kutengwa si mchezo. Hakuna kukusalimia, hakuna kukupa moto wala maji, hakuna kuingia kwako hata ukifiwa. Atakayevunja, naye anatengwa peke yake. Lakini adhabu ya upinde haichagui, inashika nyumba nzima.

Ndani ya nyumba hiyo alikuwemo Tumpe, mke wa Kasiani, rafiki yangu, na mimba yake ilikuwa imebakiza wiki mbili. Mkunga wa kijiji ni mimi. Wanawe watatu, Kefa na wadogo zake, niliwapokea kwa mikono hii, na wa tatu alitanguliza miguu. Nilihangaika naye mpaka nikadhani nawapoteza wote wawili. Hospitali iko Vwawa, na gari la kupanda huko lilipita siku za gulio tu. Kama Tumpe angeachwa na kutengwa kwake, angejifungua peke yake.

Wiki ya kwanza nilivumilia. Wiki ya pili nikamwona ng'ambo ya ua anaokota kuni, mkono mmoja kiunoni. Aliponiona akageuza uso haraka, asije akaniponza. Yeye na tumbo lile, ananilinda mimi. Niliona aibu ambayo sijaisahau.

Basi kesho yake, mchana kweupe, nikavuka ua. Nikampapasa tumbo, nikanywa togwa yake, tukacheka mambo yetu. Kisha nikaenda moja kwa moja kwa Sadock.

"Andika, katibu. Mke wa kamanda mkuu ameingia nyumba iliyotengwa."

Sadock akaitazama kalamu yake, asijue aifanyeje.

Bugalama aliporudi na ng'ombe alinikuta nimekaa mlangoni.

"Chakula kiko wapi?"

"Kipo. Lakini mimi nimetengwa. Huruhusiwi kula cha moto wangu. Hata kunisemesha umeshakosea."

"Acha utani, mke wangu."

"Sheria ni yako, mume wangu. Au niandikwe na mimi kwenye orodha ya wenye ruhusa?"

Akacheka. Alipoona sicheki, akachukua kofia yake akaondoka.

Siku mbili alikula kwa Sadock, ambaye mkewe alikuwa amesafiri na ugali wake hubaki mbichi katikati. Nilimwonea huruma, siwezi kuficha. Mwanamume mzima wa miaka hamsini anapita mbele ya mlango wake anachungulia sufuria. Mara mbili nilishika mwiko nimpakulie, mara mbili nikauweka.

Siku ya pili jioni redio ikarudia habari za vikwazo. Bugalama akafungua mdomo kugombana nayo, akanitazama, akaufunga. Akaizima mwenyewe, taarifa haijafika hata nusu.

Asubuhi akaitisha kikao. Alikuja na pinde zote nne, ukiwemo wa marehemu baba yake uliotoka Kwimba, akazilaza chini mbele ya watu.

"Nilisema polepole," akasema. "Polepole yangu imeishia leo. Makamanda wenzangu, leteni na za kwenu, ndipo tuwe na uso wa kumwambia Kasiani alete wake."

Wale wanne wakatazama ardhi. Mmoja akasema upinde wake uko kwenye matengenezo. Mwingine akasema jambo hili linataka kamati. Sadock akafungua daftari, akasoma kwamba kwa mujibu wa orodha Kasiani bado ametengwa. Kikao kikavunjika hivyo hivyo, na mimi nikajua tumeshindwa.

Lakini Bugalama hakuja nyumbani. Aliokota kigae cha chungu, akapita katikati ya watu wote mpaka mlangoni kwa Kasiani, akapiga hodi.

"Mama Kefa, naomba moto."

Watu wakasogea kuona. Tumpe akatoka na tumbo lake, akamtilia makaa matatu. Kasiani alisimama nyuma yake akiangalia. Upinde wake ulikuwa bado darini, na sikumlaumu. Bugalama hakuwa amebeba moto tangu utotoni. Alikishika kigae vibaya, akaungua vidole, akaendelea kutembea hivyo hivyo, makamanda wenzake wanamtazama na hakuna aliyethubutu kutamka adhabu. Mke wa kamanda wa pili akatafuta kigae chake, akamfuata Tumpe ndani.

Bugalama akafika kwangu, akayamimina makaa kwenye mafiga.

"Sasa na mimi nimetengwa," akasema. "Tunaweza kula pamoja."

Nilimpenda siku ile kuliko siku aliyoswaga ng'ombe wa mahari kwenda kwa baba yangu. Nikampakulia, nikamfunga vidole kwa kitambaa safi, kisha nikavuka ua kwenda kumwangalia Tumpe.