Kadi ya Salamu ya Mke wa Mtangazaji

Kila Jumapili saa tatu asubuhi mtangazaji alivaa hedifoni, akaifuta santuri kwa pindo la shati, akaanza kulia kabla sindano haijagusa. Nyimbo za bluzi na za injili alizipenda kuliko chakula. Akisikia marehemu fulani analalamikia mapenzi, alizima kipaza sauti kwanza apenge kamasi.

Kipindi alikifunga kwa kanda ya mkewe akiimba, aliyoirekodi kwenye mazoezi ya kwaya kabla hawajaoana. Kila ilipopigwa, maneno kadhaa yalimtoka mke yasirudi. Yalianza madogo: sufuria, jirani, keshokutwa. Daktari alimmulika kooni, akasema koo ni zima, maneno ndiyo yamekwenda hewani, akaita mgonjwa mwingine.

"Mume wangu, kanda hiyo inanimaliza," mke alisema alipokuwa bado na sentensi.

"Jamani, mke wangu! Wasikilizaji nitawaambia nini?"

Alikuwa na huruma tele, mwanaume yule, ila yote ilipitia kwenye hedifoni.

Mwisho mke alibakiwa na neno moja, jina la binti yao wa miaka minne. Alilitunza kama mboni ya jicho. Kuandika bado aliweza, na kwa kuwa mumewe hakusoma karatasi yoyote isipokuwa kadi za salamu, alijaza kadi. Penye wimbo auchaguao aliandika: "Wowote, ila si wangu. Nimebakiwa na jina la mtoto tu." Akampelekea fundi mitambo mkononi.

Mtangazaji aliisoma hewani yote, sauti ikimtetemeka.

"Ndugu wasikilizaji," alisema, "hiyo ndiyo bluzi yenyewe."

Fundi mitambo alimwinamia. "Bosi, amesema usipige."

"Nimesikia. Sasa baada ya maneno mazito hivyo nipige nini kingine?"

Akabonyeza.

Nyumbani, mama alifumbua mdomo amwite mtoto aje kunywa chai. Hakikutoka kitu. Jina lilitokea redioni, katikati ya kiitikio, tamu ajabu.

"Abee, mama," mtoto akaiitikia redio, akaikimbilia.

Simu zilipigwa hadi mchana. Jumapili iliyofuata kanda ilirudiwa mara mbili, kwa maombi ya wengi. Mtoto alikuwa amesogeza kigoda chake karibu na spika. Mama alimgusa bega. Mtoto akauondoa ule mkono, polepole, bila kugeuka.

"Shh," alisema. "Mama ananiita."