Aliyeshika Hatamu ya Jenerali

Kila siku jua likielekea kuzama, Candide alimwosha Jenerali miguu. Aliweka beseni sakafuni jikoni, akatia maji ya uvuguvugu na chumvi, akamvua soksi polepole, kwa sababu visigino vyake vilichunika kwa buti za kupandia farasi tangu ujana wake, na ujana huo ulikuwa wa zamani kweli kweli. Nje magari yalinguruma kwenye yale mabarabara ya Springfield, Virginia, yanayopandana juu kwa juu mpaka mgeni hajui ashike lipi. Gerejini, ubavuni mwa Toyota ya familia, farasi alikuwa akitafuna majani.

Jenerali Belisario Ochandiano alikwisha kufa, na hilo halikuwa siri. Alizikwa kwao Amerika ya Kusini kwa mizinga na bendi, akarudi nyumbani wiki iliyofuata akilalamika kwamba kaburi lina unyevu. Familia ikamwacha akae. Walipohamia Marekani wakahama naye, na sasa alitunzwa na kitukuu chake Ethan, mfanyakazi wa serikali, mtu mpole asiyeonekana nyumbani ila wikendi. Ethan aliomba mhudumu anayejua Kifaransa, maana Jenerali alijifunza lugha hiyo ujanani, na Kiingereza hakutaka hata kukisikia. Ndipo mwaka 2006 akaletwa Candide, Mrundi wa Buyenzi, Bujumbura.

Nesi msimamizi, Mkenya aitwaye Jelagat, alimwonyesha nyumba siku ya kwanza.

"Hii ni dawa ya presha, apewe asubuhi," alisema. "Farasi usimpatie sukari. Na hao wa nyuma ya fensi wasikushtue, dada. Huja tu jioni wakasimama. Wewe endelea na kazi yako."

Hao wa nyuma ya fensi walikuwa mateka. Candide alikuja kuwajua kwa simulizi za beseni, kwa kuwa Jenerali akitiwa miguu majini ulimi ulimlegea. Aliingia jeshi la farasi kabla hajaota ndevu, upande wa utepe mwekundu katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kwao. Wekundu waliposhindwa akavaa mweupe. Weupe walipoyumba akarudi kwa wekundu, na kila alipohama alipandishwa cheo, maana hakuna aliyejua kushambulia kwa farasi kama yeye. Farasi wake aliwakumbuka wote: Golondrina aliyekufa akimvusha mto, Tizón aliyekula mahindi kiganjani, na huyu Lucero wa gerejini. Akiwataja, machozi yalimlengalenga. Mateka aliwaahidi uhai, wakaweka silaha chini, kisha akaamuru wachinjwe kando ya mto ili risasi zisipotee bure. Hilo alilisema kwa sauti ileile ya kuombea chai.

"Waliitwa nani?" Candide aliuliza.

"Walikuwa askari wa miguu," Jenerali akajibu.

Basi walisimama pale kwenye nyasi, suruali zimelowa mpaka magotini, kila mmoja na kitambaa shingoni. Hawakusema, kwa kuwa koo hawakuwa nazo. Candide aliwaonea huruma, lakini huruma haimwoshi mtu miguu, akaendelea na kazi.

Yeye naye alisimulia ya kwao. Kwao watu wakikoseana huketishwa mbele ya wazee. Mkosaji husema kwanza alichofanya, chote, watu wakisikia. Baada ya hapo ndipo unaletwa mtungi wa impeke, pombe ya mtama, wote wakanywa kwa mirija kutoka mtungi ule mmoja. Wakishakunywa neno limekwisha, na atakayelifufua atajivunjia heshima.

"Utaratibu mzuri," alisema Jenerali, akanyoosha mguu wa pili.

Jioni moja ya vuli Candide alikwenda dirishani kuvuta pazia, akamwona Elie amesimama mwisho wa mstari. Elie alikuwa mdogo wake. Wakati wa vita vya Burundi alipakiwa kwenye lori na askari, hakurudi, na mama yao hajaondoa matanga mpaka leo kwa sababu hana kaburi la kulilia. Alikuwa na shati lake lile la shule lililotoka kifungo, na kitambaa shingoni kama wenziwe. Candide alivuta pazia, akaegemea sinki, akalia. Kisha akakausha miguu ya Jenerali, kidole kwa kidole, maana ikiachwa mbichi huota fangasi.

"Yule kijana wa mwisho si wa vita vyako," alimwambia.

"Safu yangu hupita kwingi," alisema Jenerali. "Asiyezikwa akituona hujiunga."

"Mlimkuta wapi?"

"Najua tulipomkuta. Mpanda farasi hasahau mahali." Alitabasamu. "Nitakwambia mbele ya wote, kwa utaratibu wenu. Andaa huo mtungi."

Usiku huo Candide alimpigia mama yake simu. Mama hakushangaa kwamba Elie yuko Virginia. Aliuliza kama amevaa sweta.

"Akuambie mahali, mwanangu," alisema. "Hata kama ni shimo la watu wengi. Nitakwenda nikae hapo."

Candide alinunua unga wa mtama kwenye duka la Wakongo, akaupika, akauchachusha ndani ya ndoo gerejini karibu na farasi. Ulipokuwa tayari akaumimina kwenye sufuria kubwa kuliko zote, akachoma humo mirija ya plastiki, akaupeleka uani. Alimtoa Jenerali kwa kiti cha magurudumu, amevaa koti lake la medali. Akafungua lango la fensi. Wafu wakaingia bila kusukumana, wakazunguka sufuria.

"Haya, sema sasa," Candide alimwambia Jenerali.

Jenerali akajikohoza. Akatafuta leso. Akalalamika kwamba upepo unamwingia mgongoni. Candide akamfunika blanketi, naye akaanza kueleza habari za mto, na kwato za Golondrina, na ukungu wa asubuhi ile. Maneno yakarefuka.

Elie alikuwa akiitazama pombe. Midomo yake ilikuwa imepasuka kwa kiu, povu linatua mbele yake, na tangu achukuliwe na lile lori hakuna aliyempa hata maji. Dada gani angestahimili? Candide alijua kabisa kwamba neno hutangulia na pombe hufuata. Amelijua tangu akiwa mtoto. Akachukua mrija, akautia mdomoni mwa mdogo wake.

Elie akavuta. Wenziwe wakainama nao wakavuta. Jenerali akanyamaza katikati ya sentensi, akajisogeza na kiti chake upesi kuliko alivyowahi kujisogeza tangu azikwe, akashika mrija uliobaki, akanywa.

Alipomaliza alifuta masharubu.

"Tumekunywa mtungi mmoja," alisema. "Kwenu hapo husemwaje?"

Wafu wakavua vitambaa shingoni, wakavikunja vizuri, wakajipanga nyuma ya kiti kwa heshima kama walinzi wa mkubwa. Candide alimwendea Elie akamshika mkono amtoe safuni; ulikuwa baridi. Elie akamtazama kwa upendo, akatikisa kichwa, maana alilelewa vyema na neno lilikuwa limekwisha.

Ethan aliporudi Jumamosi alifurahi kukuta nyasi hazikanyagwi tena ovyo. Jelagat aliandika kwamba mgonjwa analala vizuri zaidi.

"Amekuambia?" aliuliza mama kwenye simu.

"Bado, mama."

"Basi nitaendelea kukaa matanga," alisema mama, na simu ikajaa mvua ya Bujumbura.

Siku iliyofuata, jua likielekea kuzama, Candide aliweka beseni sakafuni akatia chumvi. Jenerali alikuwa na hamu ya kupanda kidogo kabla ya chakula. Akageukia mlango wa gereji, akaita kwa sauti ya mapenzi, "Lucero!" Farasi akaja, na Elie akaja naye, kwa kuwa ndiye aliyepewa kazi ya kushika hatamu.